Ahadi ya Mkimbiaji Aliyeumia

Katika nchi ya Embu na Meru, msomaji, hakuna njia iliyo tambarare kwa muda mrefu. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, umeitandaza miguu yake upande wa mashariki na wa kaskazini, na kati ya mguu na mguu pana korongo lenye mto. Barabara itokayo Embu hupita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu kabla ya kufika mji wa Meru, na katika safari hiyo mtu hushuka mtoni na kupanda mgongoni mara nyingi hata akachoka kuhesabu. Katika nchi ya namna hii kijana hupata pumzi na nguvu za mapaja bila ya kwenda chuoni kuzitafuta. Lakini kilima kile kile kinachompa nguvu wakati wa kupanda humwumiza goti na muundi wakati wa kushuka.

Nataka tuzungumze juu ya mtu mmoja ambaye huenda siku moja akawa ni wewe. Mtu huyo ameahidi kukimbia mbio ndefu kwa ajili ya hisani. Ameipitisha karatasi kwa jamaa, walimu na wenye maduka, nao wameandika majina yao na kiasi cha fedha watakachotoa. Kisha, wiki sita kabla ya siku yenyewe, mguu waanza kuuma. Afanye nini? Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Walakini mwili nao wadai, na dai lake halicheleweshwi bila ya riba. Swali hili si dogo, wala si jipya. Wakimbiaji wa Afrika Mashariki walikwisha kuulizwa, na majibu yao yamo katika historia. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Kwanza yafaa tujue mbio zenyewe. Umbali wa marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, ulitumika katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, ukathibitishwa kuwa kipimo cha ulimwengu mwaka 1921. Kwa miaka mingi mbio hizo zilikuwa za mabingwa wachache. Baadaye watu wa kawaida walianza kuzikimbia, na wengi wao hawakutafuta ushindi, bali walitafuta fedha za kuwasaidia wenye shida. Mbio za marathoni za Nairobi, zilizoanza mwaka 2003, ziliambatana na kazi ya kuwasaidia wenye matatizo ya macho. Kwetu Kenya jambo hili lilikuta udongo uliokwisha kulimwa, kwa maana tangu uhuru wa mwaka 1963 watu walikuwa wakijenga shule na zahanati kwa harambee.

Huko Meru nako zipo mbio za namna hiyo. Kaskazini ya mlima, bondeni chini ya Timau, ipo Hifadhi ya Wanyama ya Lewa. Hapo zamani palikuwa shamba la ng'ombe la familia ya Craig, waliofika mahali hapo mwaka 1922. Mwaka 1983 Bibi Anna Merz, kwa kupatana na familia hiyo, alianzisha humo sehemu ya kuwalinda vifaru. Haja ilikuwa kubwa mno. Katika mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000, na kabla ya miaka 20 kupita walikuwa wamepungua hata wakawa chini ya 400, kwa sababu ya majangili waliozitaka pembe. Mwaka 1995 shamba zima likafanywa hifadhi, na mwaka 2000 Lewa pamoja na shirika la Uingereza liitwalo Tusk wakaanzisha mbio za marathoni ndani ya hifadhi yenyewe.

Mbio za Lewa, ambazo kwa desturi hufanyika mwezi wa Juni, zina sifa ya ugumu. Njia ni ya vumbi, haina lami. Mahali penyewe pameinuka juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,700, basi hewa ni nyepesi, na mgeni aliyetoka pwani huishiwa na pumzi mapema. Akimbiaye marathoni kamili huzunguka mara mbili njia ya kilomita 21, na wakati wote huo askari wa hifadhi huwa macho, na ndege huruka juu, ili simba, tembo na vifaru wasiikaribie njia. Fedha zinazopatikana hutumika kuwalinda wanyama, na pia kusaidia shule, zahanati na maji kwa watu wanaokaa jirani. Kwa hiyo mkimbiaji wa Lewa hubeba mzigo usioonekana. Akijitoa, hufikiri kwamba amemnyima mtoto kitabu au mgonjwa dawa. Fikira hiyo ndiyo imfanyayo aufunge mguu mgonjwa kwa kitambaa, aseme, "Nitavumilia."

Kabla ya kumsifu au kumlaumu, tuutazame huo mguu. Kila akimbiapo mtu, uzito unaouangukia mguu mmoja huwa kama mara mbili au mara tatu ya uzito wa mwili wake, na katika marathoni nzima hatua hizo hufika makumi ya maelfu. Mfupa, msuli na kano, yaani ule ugwe ufungao msuli kwenye mfupa, huchakaa kidogo kwa kila zoezi. Hilo si baya. Mwili ukipewa chakula na usingizi hurekebisha palipochakaa, na pakawa na nguvu kuliko mwanzo. Mazoezi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa na mapumziko. Aongezaye maili haraka kuliko mwili unavyoweza kujenga, huubomoa ukuta huku fundi angali akiuinua.

Maumivu nayo si ya aina moja, na kutoyatofautisha ni asili ya misiba mingi. Yako maumivu ya misuli iliyofanya kazi, hasa baada ya kushuka vilima. Hayo huenea pajani, na baada ya siku mbili tatu hupoa. Yako maumivu ya kano, kama ile ya kisigino, ambayo huwa makali asubuhi, yakapungua mtu anapopata joto. Na yako maumivu ya mfupa ulioanza kupasuka. Haya hukaa mahali pamoja, hata mtu huweza kupagusa kwa kidole kimoja. Huzidi kadiri mtu akimbiavyo, na mwishowe humwamsha usiku. Mpasuko wa namna hiyo aghalabu hudai wiki sita au nane bila ya kukimbia. Asiyempa mfupa wiki hizo kwa hiari, huenda akampa miezi kwa lazima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa turudi nyuma katika historia. Mwezi wa Julai mwaka 1954 Wakenya walikimbia kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji wa London, katika uwanja wa White City, wakiwa njiani kwenda kwenye michezo ya Vancouver. Lazaro Chepkwony aliingia mbio za maili sita akiwa miguu mitupu. Alikimbia kwa kwenda kasi, kisha kupunguza, kisha kwenda kasi tena, hata watazamaji wakastaajabu. Lakini baada ya mizunguko kama 15 msuli wa mguu ulimkatalia, akatoka uwanjani. Siku iliyofuata mwenzake, Nyandika Maiyoro, alikimbia maili tatu akamaliza wa tatu. Angalia basi, msomaji: jina la Kenya katika mbio ndefu lilianza kwa mtu aliyeumia akaacha. Kuacha kwake hakukuifunga njia. Wenzake waliipita, na mpaka leo ingali ikipitwa.

Jibu la pili latoka Ethiopia. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila ya viatu. Katika mwezi wa Septemba mwaka 1964, wiki chache kabla ya marathoni ya Tokyo, alipasuliwa kwa ajili ya kidole tumbo. Wengi walidhani safari yake imekwisha. Yeye alipumzika, akaanza tena kwa taratibu, na tarehe 21 Oktoba akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuufikia. Wapo wanaolisimulia jambo hili kana kwamba moyo wa Bikila uliushinda ugonjwa. Hiyo ni nusu ya habari. Kidonda cha kupasuliwa kilikuwa kimefungwa na madaktari, nacho kikapewa siku zake za kupona. Moyo ulikuja kuimaliza kazi ambayo subira ilikuwa imekwisha kuianza.

Jibu la tatu latupeleka Mexico, mji ulio juu ya bahari kwa mita 2,240, na siku moja tu: tarehe 20 Oktoba mwaka 1968. Siku hiyo wana watatu wa Afrika Mashariki waliingia mashindanoni wakiwa wagonjwa au wakaumia humo humo, na kila mmoja akaenda njia yake.

Wa kwanza ni Kipchoge Keino wa Kenya. Alikuwa na maradhi ya mfuko wa nyongo, na siku chache kabla alikuwa amezidiwa na maumivu katika mbio za mita 10,000. Hata hivyo alipata nishani ya fedha katika mita 5,000, na tarehe 20 akashinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha nyuma Jim Ryun wa Marekani aliyekuwa na rekodi ya dunia.

Wa pili ni Bikila yule yule. Safari hii alikuja Mexico na mguu uliokwisha kuumia mazoezini. Mfupa wake ulikuwa na ufa. Alikimbia kama kilomita 17, akasimama. Bingwa wa mara mbili, mtu ambaye taifa zima lilimtazama, alitoka barabarani. Mwenzake Mamo Wolde aliendelea, na nishani ya dhahabu ikaenda Ethiopia kwa mara ya tatu mfululizo.

Wa tatu ni John Stephen Akhwari wa Tanganyika, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuitwa Tanzania. Katikati ya marathoni hiyo hiyo alianguka, akaumia vibaya gotini. Walimfunga bandeji. Akainuka, akaenda mara kwa kukimbia, mara kwa kuchechemea. Aliingia uwanjani giza likiwa linaingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde, na sherehe za washindi zikiwa zimekwisha. Alikuwa wa mwisho miongoni mwa 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze tu mbio, bali ili azimalize.

Ni nani kati ya hao aliyetenda haki? Shuleni tunamsifu Akhwari, nasi twafanya vema. Lakini tusimsifu kwa namna ya kumwaibisha Bikila. Majeraha yao hayakuwa sawa. Akhwari aliumizwa na ajali ya dakika moja. Walikuwapo watu wa kumfunga. Alipunguza mwendo, na kilichobaki ni safari moja tu. Jeraha lile halikummaliza, kwa kuwa mwaka 1970 alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh akawa wa tano. Bikila alikuwa na mfupa uliopasuka kwa mazoezi, na kila hatua ilikuwa ikiupanua ufa. Mmoja aliendelea kwa sababu aliweza kuendelea. Mwingine aliacha kwa sababu mwili ulikuwa umekwisha kusema neno la mwisho. Ushujaa haumo katika kuendelea peke yake wala katika kuacha peke yake. Umo katika kuitambua hali ilivyo, na kutenda kama hali hiyo inavyotaka, hata watu wakitazama.

Kumbuka tena kwamba hao walikuwa mabingwa waliochaguliwa na mataifa yao. Nafasi yao haikuweza kujazwa na mtu mwingine siku ile. Mkimbiaji wa hisani hayumo katika hali hiyo. Hapa ndipo lilipo kosa la yule mtu wetu aliyeufunga mguu kwa kitambaa. Yeye hudhani kwamba wachangiaji wamenunua maumivu yake. Sivyo. Wametoa kwa ajili ya mtoto, mgonjwa au mnyama, na mbio ni mlango tu wa kupitishia fedha hizo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; wala hakuna mahali paliposemwa kuwa kutoa ni mguu.

Huenda ukanijibu kwa mfano wa Terry Fox, kijana wa Kanada. Mfano huo ni wa haki, na ni mzito. Mwaka 1977 alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya saratani. Tarehe 12 Aprili mwaka 1980, akiwa na mguu wa bandia, alianza kuvuka nchi yake ili achangishe fedha za utafiti wa ugonjwa huo, akikusudia kukimbia umbali kama wa marathoni kila siku. Alikwenda siku 143 na kilomita 5,373. Tarehe 1 Septemba saratani ilikuwa imefika mapafuni, akasimama karibu na mji wa Thunder Bay. Alifariki mwezi wa Juni mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 22.

Basi tuyapime mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza ni kwamba kabla ya kuanza alijizoeza kwa zaidi ya mwaka mzima, akianza na umbali mfupi na kuuongeza kidogo kidogo. Ushujaa wake ulitanguliwa na maandalizi ambayo watu wengi hawayasimulii. La pili ni kwamba hakuvuka nchi yote. Aliacha njiani. Je, wachangiaji walisema kwamba amevunja ahadi? La. Kabla ya mwaka kupita tangu aanze, michango ilikuwa imezidi dola milioni 20 za Kanada, na mbio zenye jina lake zingali zikifanywa katika nchi nyingi. Hisani ilimaliza safari ambayo miguu haikuweza kuimaliza.

Basi wewe wa Embu, wa Chuka, wa Nkubu au wa Timau, ukipatwa na jambo hili, ufanye nini? Kwanza, usifiche. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwambie mwalimu wako na mzazi wako, na maumivu yakiwa ya mahali pamoja au ya usiku, nenda hospitali upimwe. Pili, ulijue jeraha lako ni la namna gani, maana dawa ya moja ni sumu ya jingine. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden waliandika habari za wakimbiaji 15 waliokuwa na maradhi ya muda mrefu katika kano ya kisigino. Kwa wiki 12 watu hao walifanya zoezi la kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, kila siku, na wote 15 wakarudi kukimbia. Kano yao haikutaka kulala tu. Ilitaka kazi iliyopimwa. Lakini mtu mwenye mfupa uliopasuka akifanya kazi kama hiyo bila ya shauri la daktari, ataongeza ufa. Ndiyo sababu maarifa hutangulia uvumilivu.

Tatu, uitunze pumzi wakati mguu unapona. Baiskeli, kuogelea, na hata kutembea kwa kasi pale daktari aruhusupo, huufanya moyo na mapafu yasisahau kazi yao. Utakaporudi kukimbia, chagua kwanza njia tambarare, uiachie miteremko siku za mwisho. Nne, ikiwa siku ya mbio imefika na mguu haujawa tayari, badili namna ya kulipa deni, usilikane deni lenyewe. Iko njia fupi. Iko kazi ya kugawa maji. Yuko mwenzako mzima anayeweza kukimbia kwa karatasi yako. Waeleze wachangiaji ukweli, nawe utaona kwamba ni wachache watakaouliza shilingi zao.

Kipchoge Keino aliporudi nyumbani na nishani zake, yeye na mkewe Phyllis waliwalea watoto yatima wengi karibu na Eldoret, na mwaka 2016 alitunukiwa huko Rio nishani mpya ya Olimpiki kwa ajili ya kazi ya namna hiyo. Mbio zake zilidumu dakika chache. Malezi yalidumu miaka. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uikumbuke utakapousikia mguu wako ukilalamika katika mteremko wa mto Thuci au katika vumbi la Lewa. Mashindano huisha siku moja, lakini mwenye haja atakuhitaji tena mwakani, na mwaka ule mwingine. Mtunzie miguu miwili iliyo mizima.